UZI: Ulric Cross, navigeta wa ndege za mabomu aliyekuja kuwa jaji wetu Dar es Salaam

#1 Mwanamaktaba

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Kuna jina limenikaa kichwani muda mrefu, na kila nikilitaja kwa watu naulizwa "huyo ni nani?" Leo nalimwaga hapa jamvini. Ulric Cross. Kati ya 1967 na 1971 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ishirini na ushee kabla ya hapo, huyuhuyu alikuwa akivuka anga la Ujerumani usiku ndani ya ndege iliyotengenezwa kwa mbao, kazi yake ikiwa ni kuhakikisha rubani anafika mahali alipotumwa na anarudi nyumbani.

Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 1 Mei 1917, katika familia ya watoto tisa. Darasani alikuwa moto, akashinda nafasi ya kusomeshwa St Mary's College, shule yenye jina kubwa pale kisiwani. Alipokuwa na miaka 13 mama yake akafariki, na masomo yakayumba. Akaingia kazini mapema: gazeti la Trinidad Guardian, kisha ukarani katika ofisi ya wakili, kisha shirika la reli la serikali. Ukimtazama mwaka 1940 unamwona kijana wa miaka 23 mwenye mshahara wake wa kawaida katika koloni dogo la Waingereza, mbali kabisa na mabomu.

Mwaka 1941 akajitolea kwenda vitani. Akapanda meli kwenda Uingereza kujiunga na Jeshi la Anga, RAF. Kumbukeni mlango huo ulikuwa umefungwa kwa mtu mweusi. Ni Oktoba 1939, vita vikiwa vimeshaanza, ndipo serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba kwa kipindi cha vita watu wa makoloni wasio Wazungu wanaweza kupewa uofisa. Yeye mwenyewe alieleza uzeeni kwamba aliona dunia inazamishwa na ufashisti, Marekani bado haijaingia vitani, akaamua asikae kutazama.

Akapelekwa mafunzoni Cranwell: redio, hali ya hewa, kulenga mabomu, na kuongoza njia. Akatoka navigeta. Naendelea, nipeni muda.

#2 KijanaWaTanga

Nimeweka kambi hapa mkuu. Endelea.

#3 DadaNeema

Kaka Mwanamaktaba, samahani nikukatize. Ndege ya mbao vitani? Kweli?

#4 Mwanamaktaba

Kweli kabisa dada. Inaitwa Mosquito, mbu. Ubavu wake ulikuwa tabaka mbili za plaiwudi zikibana mbao nyepesi ya balsa katikati, vyote vimegandishwa kwa gundi. Mafundi wa samani ndio waliopewa sehemu kubwa ya kazi hiyo, maana chuma na alumini vilikuwa vinagombewa na viwanda vingine. Injini mbili za Merlin, watu wawili tu ndani, na ile ya mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Kinga yake ilikuwa mbio. Ilikwenda karibu kilomita 600 kwa saa, na kwa muda mrefu ndege za kivita za Wajerumani zilipata taabu sana kuifikia.

Rubani anakaa kushoto. Navigeta anakaa kulia kwake, nyuma kidogo, wamebanana bega kwa bega. Wakikaribia shabaha navigeta anaacha kiti, anatambaa kwenda puani mwa ndege, analala kifudifudi na kulenga mabomu. Akimaliza anarudi kwenye kiti na ramani yake. Kwenye ndege kubwa kama Lancaster kazi hizo walipewa watu wawili tofauti.

Cross alipangiwa kikosi namba 139, kilichoitwa kikosi cha Jamaika. Jina hilo lilitoka kwenye mchango: gazeti la Gleaner la Kingston lilikusanya fedha za wananchi kununua ndege za mabomu, na RAF ikakipa kikosi jina la kisiwa kama shukrani. Mwanzoni kazi yao ilikuwa mchana, chinichini kabisa, karibu kugusa miti, wakipiga viwanda na reli halafu wakikimbia. Katikati ya 1943 kikosi kikahamishiwa kwa watangulizi, kundi lililoongozwa na Don Bennett wa Australia, na kazi ikawa ya usiku.

#5 KijanaWaTanga

Watangulizi ndio kina nani hao?

#6 Mwanamaktaba

Swali zuri, na hapa ndipo utamu wa habari hii ulipo kwangu.

Mwaka 1941 Waingereza wenyewe walifanya uchunguzi wa picha zilizopigwa na ndege zao usiku. Wakakuta kwamba kati ya ndege zilizodai kupiga shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyodondosha mabomu ndani ya maili tano za mahali palipokusudiwa. Yaani mtu anahatarisha roho yake masaa manane, halafu bomu linaangukia shamba la viazi. Mwaka 1942 wakaunda kundi la watangulizi: navigeta bora wanatangulia, wanatafuta shabaha gizani, wanadondosha taa za alama za rangi nyekundu, kijani au manjano, na mamia ya ndege zinazofuata zinapiga kwenye taa hizo.

Sasa piga picha kazi ya Cross. Ulaya nzima imezimwa taa. Chini kuna wingu. Ndege iko juu zaidi ya kilomita 7, anavuta hewa kwa barakoa. Anacho kitaa kidogo, penseli, rula, saa na dira. Ndege inakwenda kilomita 8 na zaidi kila dakika. Upepo huko juu unaweza kufika kilomita 80 kwa saa au kuzidi, na hauonekani. Ukiukosea upepo huo kwa nusu saa, umeshatoka nje ya njia kilomita 40. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache anatafuta mahali alipo, analinganisha na mahali alipotarajia kuwa, ile tofauti ndiyo inamwambia upepo unavuma vipi, kisha anampa rubani mwelekeo mpya. Kuna redio ya Gee ya kusaidia kujua mahali ulipo, lakini Wajerumani waliivuruga kwa kelele ukivuka mbali kuelekea kwao. Baadaye kikosi cha 139 kikawa cha kwanza kufungiwa rada ya H2S, inayoonyesha sura ya ardhi iliyo chini, ndani ya Mosquito. Na wakati wote huo kurunzi zinapekua anga na mizinga inapasua.

Kazi yao nyingine ilikuwa udanganyifu. Mosquito chache zinapelekwa mji mwingine kabisa, zinamwaga vipande vya karatasi ya alumini ili rada ya adui ione kundi kubwa la ndege, zinadondosha taa za alama, na marubani wa Ujerumani wanakimbilia huko wakati msafara wenyewe unakwenda kwingine.

Utaratibu wa kawaida kwa askari wa ndege za mabomu ulikuwa safari 30, kisha unapumzishwa. Cross alipofika 30 akakataa kupumzika. Akaambiwa tena zilipofika 50, akakataa tena. Alimaliza vita akiwa na safari 80. Safari moja injini iliharibika wakiwa juu ya Ujerumani, wakarudi na moja, wakatua kwa kishindo Swanton Morley huko Norfolk, ndege ikaishia kwenye machimbo yaliyoachwa. Wote wawili wakatoka wazima. Mwaka 1944 akapewa nishani ya ushujaa ya DFC, kisha ikafuata nyingine, DSO, wakisifu hasa umahiri wake wa kuongoza njia. Akafikia cheo cha kiongozi wa skwadroni.

Mpate uzito wa namba hiyo 80: katika askari wapatao 125,000 walioruka na kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, 55,573 waliuawa. Mosquito ilikuwa na nafuu kuliko ndege nzito, lakini safari 80 ni safari 80.

#7 MjukuuWaBama

Mkuu Mwanamaktaba, heshima yako, uzi mzuri. Ila mimi nina donge.

Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma). Alitembea bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria. Alirudi na koti la jeshi, cheti, na goti lisilokunjika. Hadi anakufa alikuwa akiuliza, tulikuwa tunapigania nini? Aliyemtawala ndiye aliyempeleka. Sasa huyu Cross alisoma, alikuwa na kazi, hakushikwa na mtu. Kwa nini aende kumpigania mkoloni kwa hiari? Na la pili, tuseme ukweli: zile taa za alama ziliangukia wapi? Miji. Akina mama na watoto. Tusipake asali.

#8 Mwanamaktaba

Ndugu yangu, pole kwa mzee, na asante kwa kusema wazi. Sitakukwepa.

La kwanza. Wengi wa akina babu zetu walichukuliwa kwa amri ya chifu na DC, na baada ya vita hawakulipwa walichostahili. Hilo ni deni na litabaki deni. Lakini kumchukia mkoloni wa Kiingereza hakukumfanya Hitler awe rafiki. Tukumbuke Tanganyika ya miaka ya 1930: Ujerumani ilikuwa ikidai irudishiwe makoloni yake, na miongoni mwa walowezi wa Kijerumani hapahapa nchini kulikuwa na wanachama wa chama cha Nazi wakifanya mikutano yao. Kwao sisi tulikuwa kundi la chini kabisa la binadamu, na walishaandika sheria za kubagua damu. Cross alikuwa msomaji, aliyajua hayo. Alichagua adui mkubwa kwanza. Na ukifuata maisha yake baada ya vita utaona hakumsahau huyo wa pili.

La pili ni zito zaidi. Hamburg, mwisho wa Julai 1943, moto uliua watu zaidi ya 30,000. Dresden, Februari 1945, kiasi cha 25,000. Miji hiyo ilichomwa kwa makusudi, ndiyo ilikuwa sera ya kamandi chini ya Arthur Harris, na watangulizi ndio waliowasha taa za njia. Siwezi kusema navigeta hahusiki kwa sababu alishika penseli. Mimi naamini vita dhidi ya Hitler vilikuwa vya haki, na naamini pia kuchoma mji wenye raia ni jambo la kutisha. Imani hizo mbili ninazo zote, na sijapata namna ya kuifuta mojawapo.

#9 MjukuuWaBama

Umenijibu kiume, nimekuelewa. La Dresden bado nakataa, ila endelea. Nataka kuona huko mbele.

#10 Mwanamaktaba

Vita vilipokaribia mwisho Cross akawekwa kuwa ofisa kiungo wa askari wa makoloni waliokuwa Uingereza. Kulikuwa na maelfu ya vijana wa Karibi kwenye kambi za RAF, na ubaguzi ulikuwapo: kwenye kumbi za dansi, kwenye baa, kwa makamanda. Ugomvi ukitokea, kijana mweusi ndiye anafikishwa mahakama ya kijeshi. Cross alikwenda kuwasimamia. Bado hajawa wakili, lakini anasoma mashtaka, anahoji mashahidi, anawatetea.

Akasoma sheria London, akaitwa kwenye uwakili Middle Temple, mojawapo ya vyama vya mawakili vya London, mwaka 1949. Hapo mtu angedhani milango itafunguka: ofisa mwenye DSO na DFC, wakili. Haikuwa hivyo kwa mtu mweusi wa London ya miaka hiyo. Alirudi Trinidad akawa mshauri wa sheria serikalini, kisha akaja tena London, akapata nafasi BBC kama mtayarishaji wa vipindi, 1953 hadi 1957.

Tarehe 6 Machi 1957 Ghana ikawa huru. Mshauri wa Nkrumah pale Accra, George Padmore, alikuwa Mtrinidadi kama yeye. Cross akafunga mizigo akaenda Ghana kuwa mwanasheria wa serikali na mwalimu wa sheria. Kutoka hapo, 1960, akaenda Kameruni Magharibi, ile sehemu iliyokuwa chini ya Waingereza, ambayo wananchi wake walipiga kura Februari 1961 kuungana na jamhuri ya wenzao waliotawaliwa na Wafaransa. Akawa Mwanasheria Mkuu huko. Fikirini kazi hiyo: upande mmoja wa nchi unatumia sheria za Kiingereza, mwingine za Kifaransa, na wewe uko katikati unatakiwa zikae nyumba moja. Akakaa hadi 1966.

Kisha akaja kwetu.

#11 WakiliWaPembeni

Wakuu, nilikuwa napita tu ila hapa lazima niingie. Sisi tuliosoma sheria kwa kupekua High Court Digest, yale makabrasha yaliyokuwa yakichapwa na kitivo cha sheria Dar kuanzia 1967, jina la "Cross, J." (yaani Jaji Cross) tumelisoma mara nyingi mno. Rufaa za jinai, mashauri ya ardhi, adhabu zilizozidi. Muhtasari mfupi, kisha uamuzi, kisha jina. Nakiri kwa masikitiko ya dhati kwamba hakuna aliyetuambia kwamba Cross, J. alikuwa navigeta.

Na hakuwa peke yake kutoka ule upande wa bahari. Jaji Mkuu wa wakati huo, Telford Georges, alizaliwa Dominica na alikuwa jaji Trinidad kabla ya kuja kwetu 1965. Jaji Seaton, Earle Seaton, alitoka Bermuda. Huyu wazee wa Meru wanamjua: ndiye wakili aliyemsaidia Kirilo Japhet kupeleka kilio cha ardhi ya Wameru Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Yaani katika miaka ile ya Azimio la Arusha, mahakama yetu ilikuwa na watu watatu kutoka ule upande wa bahari, tena wa uzito huo. Mwaka 1971 ndipo Augustine Saidi akawa Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo.

#12 Mwanamaktaba

Wakili, umeleta nondo yenyewe. Ukipata nafasi tupigie picha kurasa chache za HCD zenye jina lake utuwekee hapa.

Niongeze la baraza la kazi, maana ndilo lililonifanya nimpende. Sheria ya mwaka 1967 iliunda baraza la kudumu la kuamua migogoro ya kazi, na Cross akawa mwenyekiti wake. Mkumbuke hali: NUTA ndiyo jumuiya pekee ya wafanyakazi, migomo imebanwa kisheria, viwanda na benki vimetaifishwa au vinataifishwa, na serikali ina sera yake ya mishahara isipande ovyo. Mapatano kati ya wafanyakazi na mwajiri yalipaswa kupita mbele ya baraza hilo kabla ya kupata nguvu. Mtu wa kiwandani aliyekuwa na dai la ujira mwaka 1968, mwisho wa safari ya dai lake ulikuwa mezani kwa huyu mzee. Mbele yake anakaa mwajiri ambaye mara nyingi ni serikali yenyewe, na pembeni kuna chama cha wafanyakazi kilicho karibu na serikali hiyohiyo. Kuwa mwamuzi katika meza ya namna hiyo kunataka utulivu wa pekee, na mimi naona utulivu huo alikuwa ameshaupata zamani.

Wakati huohuo anafundisha sheria Mlimani, katika miaka ambayo Walter Rodney wa Guyana naye alikuwa akifundisha historia palepale.

Mwaka 1971 akarudi Trinidad, akawa jaji wa Mahakama Kuu, na 1979 akapanda Mahakama ya Rufani. Kuanzia 1990 hadi 1993 alikuwa balozi wa nchi yake London, mji uleule alikosomea sheria. Uzeeni alishiriki kuanzisha Cotton Tree Foundation, asasi ya kusaidia familia maskini na vijana wa Port of Spain. Mwaka 2011, akiwa hai, kituo cha jeshi la anga cha Piarco kilipewa jina lake, na akapewa nishani ya juu kabisa ya taifa. Alifariki Port of Spain tarehe 4 Oktoba 2013 akiwa na miaka 96. Wengi humhesabu kuwa Mkaribi aliyepata nishani kubwa kuliko wote katika vita ile.

#13 DadaNeema

Kaka asante sana. Nimesoma yote mpaka chai imepoa. Je, Waafrika wa bara hili waliruka pia kwenye ndege hizo, au ni Wakaribi tu?

#14 MjukuuWaBama

Dada, mmoja namjua mimi: John Smythe wa Freetown, Sierra Leone. Naye navigeta, lakini kwenye Stirling, zile ndege nzito. Novemba 1943 wakatunguliwa wakielekea Mannheim, ikiwa safari yake ya 27. Akaruka kwa parachuti akiwa na majeraha, akajificha kwenye banda, wakamkamata. Akafungwa kambi ya Barth kaskazini mwa Ujerumani hadi Warusi walipofika 1945. Baada ya vita naye akasoma sheria, na naye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake. Ile meli ya Windrush iliyopeleka Wakaribi Uingereza mwaka 1948, ofisa wa serikali aliyekuwa ndani ni yeye.

#15 Mwanamaktaba

Kumbe donge lako lilikuwa na utafiti ndani yake, ndugu yangu. Sahihi kabisa. Dada Neema, na wengine walikuwapo kutoka Nigeria na Ghana ya wakati huo, wachache lakini walikuwapo.

Utaona pia navigeta wengi wa makoloni waliishia kwenye sheria na siasa. Errol Barrow, naye navigeta wa RAF, ndiye aliyeiongoza Barbados kupata uhuru mwaka 1966 na kuwa waziri mkuu wake wa kwanza. Kazi ile ilichukua vijana wenye hesabu nzuri na vichwa vinavyotulia, na vita vilipokwisha hawakukubali tena kurudi kuitwa "boy".

MjukuuWaBama, uzi wa Smythe ufungue wewe, umeshauanza. Mimi wiki ijayo naleta wa Barrow. Na habari za babu yako Kabaw ziandike pia, kila alichokusimulia, hata vile vidogo. Wakili, tunasubiri kurasa.